Majaliwa, Kudura, Ajali, Hatima: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Nina steshenari ndogo Majengo, hapa Dodoma. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi na risala, lakini kazi inayonikalisha mpaka usiku ni ratiba za mazishi na wasifu wa marehemu. Ndugu wa marehemu hukaa kwenye benchi langu na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, na tukifika mstari fulani mikono inasita: "Dada, hapa tuweke majaliwa au kudura? Hatima au hatma?" Majibu nimeyatoa kwa mdomo miaka mingi. Haya hapa kwa maandishi.

Kwa nini Kiswahili kina maneno mengi hivi kwa jambo moja?

Kwa sababu si jambo moja. Mengi ya maneno haya yametoka Kiarabu, na kila moja lilikuja na swali lake. Majaliwa yanahusu kupewa: Mungu amekujaalia nini? Kudura ni uweza: nani ana nguvu ya kuamua? Nasibu ni fungu, yaani wewe umeangukiwa na lipi. Ajali ni muda, hatima ni mwisho. Ukichagua neno umeshasema, hata kama hukukusudia, kwamba jambo lilitoka kwa nani. Ndiyo maana huwa siharakishi mtu anapochagua.

"Majaliwa" maana yake hasa ni nini? Na huandikwa kwa a moja au mbili?

Yanatokana na kitenzi jaalia: kutoa kwa neema, kumwezesha mtu apate. "Mungu amewajaalia watoto wanne." "Akijaalia tutavuna." Kwa hiyo majaliwa yana upole ndani yake. Hata jambo likiwa gumu, neno hili linamweka Mungu kama mtoaji, wala halimweki kama askari. Ndiyo maana ni jina zuri la mtoto. Kassim Majaliwa, aliyeshika uwaziri mkuu kuanzia mwaka 2015, alilifanya lisikike nchi nzima, lakini vijijini lilikuwepo zamani, hasa kwa mtoto aliyekuja baada ya wazazi kusubiri sana.

Kitenzi kina a mbili: jaalia, jaaliwa. Nomino utaiona kwa namna zote, majaliwa na majaaliwa. Jina la mtu liandikwe kama mwenyewe anavyoliandika. Kwenye matini yako chagua namna moja, uishike mpaka mwisho wa ukurasa.

Na upatanisho ni wa wingi: majaliwa yake yalikuwa hayo. Si "majaliwa yake ilikuwa hiyo".

Kudura, kadari, takdiri: zinatofautianaje? Kuna mtu kaniambia ni ndugu na "makadirio" ya bajeti.

Amekwambia kweli. Shina ni moja la Kiarabu, lenye kubeba uweza na kipimo kwa pamoja. Kutoka hapo tumepata kudura (uweza wa Mungu: "kwa kudura zake Mola"), kadari na takdiri (yale Mungu aliyokwisha kuyapima na kuyapanga), lakini pia kadiri, kadiria na makadirio. Kila mwaka kuanzia Aprili hadi Juni, Bunge likikaa hapa Dodoma, mawaziri husimama mmoja mmoja kuomba waidhinishiwe makadirio ya mapato na matumizi. Ni ndugu wa takdiri hao. Tofauti ni nani anayepima.

Mfano ninaoutumia ni wa Kongwa, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale mradi wa karanga. Kwenye karatasi zao walikadiria kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika na nchi za jirani. Vichaka vya Kongwa vikavunja matrekta. Udongo wake wa mfinyanzi ukakauka jua likawa kama tofali, karanga zikang'ang'ania chini. Mvua nazo hazikufuata karatasi. Januari 1951 mradi ukaachwa. Yapo maelezo yanayoishia kwenye neno "bahati mbaya", na mimi siyakubali. Mvua ya Kongwa na udongo wa Kongwa vilikuwepo kabla ya makadirio, na waliokuwa wakilima pale walivijua. Kilichokosekana ni kuwauliza.

Kwa Waislamu, na hapa nawafikiria wateja wangu wa Kondoa, kuamini kadari, heri yake na shari yake, ni nguzo ya sita ya imani. Neno hilo kwao lina uzito wa mafundisho, basi usilitumie ovyo kama pambo la sentensi. Wakristo wengi wa hapa husema "mapenzi ya Mungu" au "mpango wa Mungu". Ukimchapia mtu, fuata msamiati wa nyumba yake.

"Ajali haina kinga" maana yake nini?

Hili ndilo swali linaloniuma.

Ajali katika Kiswahili cha wazee ni muda uliowekewa uhai wa mtu. Ukitimia, basi. Kiarabu kilikotoka neno kina maana hiyohiyo: muda, kikomo, saa iliyopangwa. Mzee angeweza kufa kitandani, wajukuu wamemzunguka, hakuna lililomgonga, na bado watu wakasema ajali yake imefika. Baadaye neno likahamia kwenye tukio la ghafla lenyewe: kuanguka mtini, kuzama, kisha gari, basi, pikipiki. Leo mtoto wa darasa la tano ukimtajia ajali anaona bodaboda iko chini na tairi linazunguka. Maana ya kwanza ingalipo kwenye kamusi, lakini mtaani imebaki imefichwa ndani ya methali.

Sasa isome tena methali kwa maana ya kale: saa yako ya kufa haina kinga. Hilo ni kweli, na mtu wa dini yoyote atakubali. Isome kwa maana ya leo: kugongana hakuna kinga. Hilo si kweli hata kidogo. Breki ni kinga. Mwendo wa polepole ni kinga, na taa ya nyuma inayowaka ni kinga. Methali haikubadilika hata herufi moja. Neno moja ndani yake limehama nyumba, na sasa inawafundisha vijana wetu jambo ambalo wazee hawakulisema.

Kuna kijana wa bodaboda alikuja kuchapisha stika ya kubandika nyuma ya pikipiki: AJALI HAINA KINGA, herufi nyekundu. Kofia yake ngumu ilikuwa inaning'inia kwenye usukani, kamba ya kidevuni imekatika, ameiunganisha kwa waya wa umeme uliochubuka. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, na hiyo kwenye usukani inaitwaje?" Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Alisikiliza, kidole kinafuata mstari kwenye kioo cha kompyuta, halafu akasema, "Basi dada, andika MUNGU NILINDE." Nikaandika. Ule waya nikaukata, nikashona kamba kwa uzi ninaojalidia vitabu. Uzi huo una nta, haukatiki kirahisi.

Kwa hiyo nisiseme "ajali ni mapenzi ya Mungu"?

Nitajibu kwa jambo lililotokea mkoani kwetu. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ikipanda mlima ilishindwa, ikaanza kurudi nyuma kwenye mteremko, na kasi ikawa inaongezeka bila cha kuisimamisha. Ikaigonga treni ya mizigo karibu na Igandu. Watu 281 walikufa. Wapo hapa Dodoma ambao mpaka leo ukitaja Igandu wananyamaza.

Waliofiwa walisema "kudura ya Mungu", na walikuwa na haki ya kusema, maana mtu anayezika anahitaji mahali pa kushika. Lakini fundi wa reli akisema maneno hayohayo, yanakuwa kitu kingine kabisa. Kwake yeye neno ni "breki". Sentensi ileile kinywani mwa mfiwa ni faraja, na kinywani mwa mwenye dhamana ni kukwepa. Kabla ya kuandika, jiulize wewe umesimama wapi.

Hatima au hatma?

Kamusi zinakupa hatima. Hatma utaisikia na utaisoma magazetini kila siku, kwa sababu ulimi unakimbia. Kwenye andiko rasmi weka hatima.

Shina lake ni la kufunga na kumaliza, ndilo limetupa hatimaye, hitimisho, kuhitimu, na hitima inayosomwa kumwombea marehemu. Kwa hiyo hatima ni mwisho wa jambo, jinsi litakavyoishia. Si lazima awepo aliyelipanga. "Hatima ya wafanyabiashara waliohamishwa bado haijajulikana" ina maana kuna watu wanasubiri uamuzi, na uamuzi huo uko mezani kwa mtu. Ukitumia "majaliwa yao" katika sentensi hiyo utakuwa umemsamehe mwenye meza.

Mwalimu katupa neno la Kiingereza "fate" tutafsiri. Niweke lipi?

Wanafunzi wa vyuo wananiletea hili sana. Asili ya neno lile ni Kilatini, kitenzi cha kusema: ni lile lililokwisha kunenwa, lisilorudishwa nyuma. Wagiriki wa kale walilichora kama kina mama watatu: mmoja anasokota uzi wa uhai wako, mmoja anaupima, mmoja anaukata. Kwa hiyo usitafute neno moja la kulijibu kila mahali. Tazama linafanya nini kwenye sentensi.

Kama ni nguvu inayopanga mambo, takdiri au kudura. Kama ni mwisho wa mtu au kitu, hatima. Kama ni yale mabaya yaliyompata, mara nyingi huhitaji nomino yoyote, kwa sababu Kiswahili kina vitenzi: yaliyomkuta, yaliyomfika, kilichompata. "Hakuna anayejua yaliyowakuta wale mabaharia" inasomeka kama mtu anaongea. "Hakuna anayejua majaliwa ya wale mabaharia" inasomeka kama kazi ya darasani. Na kama hadithi ni ya Kigiriki, yenye miungu mingi, epuka majaliwa, kwa sababu masikioni mwetu majaliwa yana Mungu mmoja ndani yake, tena mwenye huruma.

Bahati, nasibu na kismati je?

Bahati inakuja na kuondoka. Nasibu asili yake ni fungu, mgao wako, na leo tunayo zaidi kwenye "kwa nasibu" na "bahati nasibu". Kismati nayo ni mgawo, lakini siku hizi ni nadra mtu kuniletea. Waimbaji na watunga mashairi ndio bado wanaitunza. Vijana wa kubeti wana neno lao, mkeka, na mkeka ukichanika hawasemi takdiri. Wanasema timu fulani imewaangusha. Angalau wanamtaja mhusika.

Nyota ya mtu ni majaliwa yake?

Kwa lugha, ndiyo, watu husema "nyota yake imefifia" wakimaanisha bahati na kukubalika kwake kwa watu. Kama tamathali haina ubaya.

Matangazo ya kusafisha nyota yale yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme mimi sichapi. Nimeona mama akitoa fedha ya ada ya mtoto.

Msibani niseme "kazi ya Mungu haina makosa"?

Sema, kama unajua inavyopokelewa. Ni maneno yanayosemwa kwa upendo, na wafiwa wengi wanayategemea. Wengine husema "Bwana ametoa na Bwana ametwaa", ya Ayubu. Waislamu watasema sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Yote ni ya kumsaidia aliyebaki asianguke.

Lakini yapo mauti ambayo maneno hayo yanafunga mlango mapema. Walikuja kaka na dada, mama yao amefariki, mazishi ni kesho yake kijijini. Karatasi ya kaka ilisema: "Mama aliugua ghafla usiku, akapelekwa kituo cha afya, na kwa mapenzi ya Mungu akaaga dunia alfajiri." Nilipofika hapo dada mtu akaweka kidole kwenye kioo. "Futa hiyo. Tulikaa kwenye benchi pale, mama analia tumbo, hakuna aliyemgusa. Hayo ndiyo mapenzi ya Mungu?" Kaka akasema ukifuta watu watasema tunakufuru. Wakanitazama mimi, kana kwamba kompyuta ndiyo itaamua.

Nikamwomba dada anipe saa. Alizikumbuka zote. Mwisho tukachapa hivi: "Alifikishwa kituo cha afya saa 4 usiku, akaonwa na daktari saa 10 alfajiri, akaaga dunia saa 11 na nusu. Tunamshukuru Mungu kwa maisha yake yote." Hakuna lawama hapo, na hakuna kufuru. Kaka aliisoma mara mbili, akaitikia kwa kichwa. Nakala 200 niliwatolea.

Tangu siku hiyo mtu akisita kwenye mstari kama ule, namuuliza saa.

Wazee wanasema njaa ya Ugogo ni majaliwa ya nchi yetu. Ni kweli?

Ukame ni kweli. Mvua ya Dodoma ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka wastani wake haufiki milimita 700. Kuna miaka inakata Februari, mtama uko kiunoni. Mkulima wa Bahi au Chamwino akisema "mvua ni majaliwa" hazungumzi kishairi. Anaeleza kalenda yake.

Ila njaa si mvua peke yake. Ile njaa kubwa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, ya kati ya 1917 na 1920, ilikuja nyuma ya vita. Jeshi la Wajerumani, kisha la Waingereza, yalipita Ugogo yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka ghalani, yakachukua wanaume kuwa wapagazi. Halafu mvua ikakosa. Kwa kawaida Mgogo akikosa mvua huuza ng'ombe apate chakula. Safari ile ng'ombe walikuwa wameshakwenda. Kama tutasema ilikuwa majaliwa, basi tuseme na nusu ya pili: kwamba ghala lilifunguliwa na watu, kwa bunduki.

Nadhani ndiyo sababu nasikitika kusikia methali ya "ng'ombe wa maskini hazai" ikisemwa na watu wa hapa kama hukumu juu yao wenyewe. Mzee aliyepanda uwele badala ya mahindi kwa sababu anaijua mvua yake hajakaa kusubiri majaliwa.

"Jitihada haiondoi kudura": basi kuna haja gani ya kujitahidi?

Soma methali inavyosema. Haisemi acha jitihada. Inamwambia aliyekwisha kujitahidi akashindwa asijione mjinga, sawasawa na ile ya "kupata si werevu, na kukosa si ujinga". Ni dawa ya kunywa baada ya safari. Ukiinywa kabla ya kuondoka itakulaza. Mwanafunzi akishafanya mtihani na matokeo yakaja mabaya, mpe methali hii. Wiki mbili kabla ya mtihani mpe "ajizi ni nyumba ya njaa".

"Imeandikwa" na "ameandikiwa" ni sahihi?

Ni sahihi na ni nzuri. "Kaandikiwa riziki yake mbali." Wazee wana "liandikwalo ndilo liwalo". Angalia tu kwamba kwa Mkristo "imeandikwa" inaweza kumpeleka moja kwa moja kwenye aya ya Biblia, akabaki anasubiri umtajie sura.

Mtu akiniambia "tutaonana majaliwa", nimjibu nini?

"Majaliwa." Inatosha. Au "Mungu akipenda", au "inshallah", kulingana na nyumba yenu. Usimjibu "tutaonana tu!" ukidhani unamtia moyo, kwa mtu mzima inasikika kama umemkatiza.

Nina mteja mmoja, babu wa Mpwapwa, huja kila mwisho wa mwezi kutoa kopi za nyaraka za pensheni. Anazihesabu karatasi moja moja, anaziweka ndani ya bahasha ya kaki iliyolainika kama kitambaa, anaivuta kofia yake. "Haya mwanangu, tutaonana majaliwa." "Majaliwa, babu." Halafu huwa anageuka mlangoni kuniuliza mwezi ujao nitafungua saa ngapi, maana basi lake linafika mapema.